Lakabu na Mikato ya Majina ya Miji, na Jinsi Wenyeji Wayapokeavyo

Ni mji gani wenye jina moja tu? Liko lile liandikwalo katika ramani na katika barua za serikali, na liko lile lisemwalo sokoni, garini na barazani. La kwanza mwalimu hulifundisha. La pili wanafunzi huja nalo kutoka nyumbani, na mara nyingi hukemewa kwa ajili yake. Walakini lile la pili ndilo liishilo katika vinywa vya watu, na ndani yake mna habari nyingi za historia, za sarufi na za desturi ambazo ramani haizioneshi. Nia yetu katika makala haya ni kueleza kwa taratibu jinsi majina hayo yafanyikavyo, kisha kutazama jambo lililo gumu zaidi, yaani ni lini mwenyeji hucheka akiusikia mji wake ukiitwa kwa lakabu, na ni lini huona ametukanwa.

I. Maneno yenyewe

Inafaa tutenge kwanza mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni mkato, yaani jina lilelile likiwa limekatwa mwisho wake au mwanzo wake. La pili ni lakabu, yaani jina jingine kabisa ambalo mahali hupewa kwa ajili ya sifa fulani au ila fulani. La tatu ni jina lililogeuzwa na kinywa, yaani neno la kigeni ambalo wenyeji walilipokea wakalitia katika sauti za lugha yao hata likawa lao. Aina hizi tatu hazina njia moja, wala wenyeji hawazipokei kwa moyo mmoja. Basi tuziangalie moja moja.

II. Mikato

Watu wa safari hawapendi maneno marefu. Morogoro imekuwa Moro, Dodoma imekuwa Dom, Nairobi imekuwa Nai, Bujumbura imekuwa Buja, na Lubumbashi imekuwa Lushi. Kanuni ya jumla ni kushika kichwa cha neno na kuacha mkia. Moro na Nai ni mikato iliyokatwa palipo na kiungo, nayo hukaa vema katika kinywa cha Mswahili kwa kuwa kila silabi huishia kwa vokali. Dom imekatwa vinginevyo: huishia kwa konsonanti, nayo yaonesha kwamba mkataji amezoea kusoma lugha za Ulaya. Lushi ni ya namna nyingine tena, kwa kuwa kichwa na mkia vimeshikwa, na kiwiliwili kimetupwa.

Mkato uliokwisha kuwa wa kale kuliko yote ni Dar. Mji ule ulianzishwa na Sultani Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860, karibu na kijiji kilichoitwa Mzizima, na jina alilopewa ni la Kiarabu. Wengine husema asili yake ni *bandari ya salama*, wengine husema ni *nyumba ya salama*. Kwa vyovyote, salama ndiyo roho ya jina. Watu wa bara waliokuja zamani walilainisha jina lote wakasema Darisalama, nao wakaibakiza maana. Mkato wa leo umeshika neno la kwanza tu, na neno hilo kwa Kiarabu ni nyumba au makao, si zaidi. Hivi asemaye "nakwenda Dar" amesema "nakwenda nyumba", na salama ameiacha njiani. Hata hivyo hatujasikia mwenyeji yeyote akilalamika. Maana ya Kiarabu imekwisha kulala, na sauti ya Dar imepata maana yake yenyewe: joto, bahari, magari na biashara.

Hapa pana somo la sarufi lifaalo darasani. Mikato hufuata ngeli gani? Wengi husema "Dar ina joto", wakifuata ngeli ya nyumba. Wengine husema "Dar kuna joto", wakifuata ngeli ya mahali. Matumizi yote mawili ni Kiswahili safi, ila la kwanza latazama mji kama kitu, na la pili latazama mji kama mahali alipo mtu. Mwanafunzi akiulizwa tofauti hii kwa majina ayajuayo mwenyewe, ataielewa upesi kuliko kwa mifano ya kitabu.

Wala tusidhani kwamba mkato ni mchezo wa vijana peke yao. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, nchi mpya ilikaa miezi kadhaa na jina refu, hata mwezi wa Oktoba mwaka uleule ikaitwa Tanzania. Jina hilo ni vichwa viwili vilivyounganishwa, kichwa cha Tanganyika na kichwa cha Zanzibar, vikatiwa mkia mmoja. Serikali nayo, basi, ilikata majina kama wakatavyo wasafiri, na leo mamilioni ya watu wajivunia mkato huo kama jina la mama yao.

III. Lakabu za sifa na za kejeli

Lakabu hutofautiana na mkato kwa kuwa hutoa hukumu. Mkato wasema "huu ndio mji". Lakabu yasema "huu ndio mji, na hivi ndivyo ulivyo".

Mfano ulio mzuri kuliko yote katika Kiswahili ni ule wa Morogoro, *mji kasoro bahari*. Maneno matatu tu, lakini yamebeba mzigo mkubwa. Milima ya Uluguru i juu ya mji, mito yashuka, matunda na mboga ni tele, reli yapita. Lililokosekana ni bahari tu. Neno *kasoro* laonesha upungufu, na kwa desturi mtu huona haya kutajiwa kasoro yake. Hapa upungufu umegeuzwa kuwa sifa, maana asemaye kwamba mji umekosa kitu kimoja amekiri kwamba vingine vyote unavyo. Mtu wa Morogoro huyasema mwenyewe kwa mgeni, tena kwa kicheko. Lakini mtu wa pwani akiyasema kwa kuvuta neno *bahari*, mwenyeji husikia jambo jingine: "Ninyi si watu wa pwani." Maneno ni yaleyale, na mizani imegeuka.

Kigoma huitwa *mwisho wa reli*. Reli ya kati ilifika huko mwaka 1914, na kwa atokaye Dar es Salaam ni kweli kwamba hapo ndipo reli inapokoma. Ila kwa mtoto aliyezaliwa Kigoma, pale ndipo reli inapoanza. Jina hili lafundisha kwamba lakabu nyingi zina mahali zinapotazamia. Ukiujua mji uitwao, hujajua bado habari yote mpaka uulize aliyeuita alikuwa amesimama wapi. Hali kadhalika vitongoji vingi vimepata kuitwa *mwisho wa lami*. Aliyelitunga jina hilo alikuwa ndani ya gari, si mwenye kukaa pale.

Mwanza ni *mji wa miamba*, kwa sababu ya majabali makubwa yaliyo mjini na ziwani. Hili halina ubishi, maana kila mwenye macho ayaona majabali, na hakuna wa kuona haya kwa jabali. Mtwara husemwa *Mtwara kuchele*, neno la watu wa kusini lenye maana ya kumekucha. Kwa watu waliokaa miaka mingi wakiambiwa kwamba kusini ni mbali na kusahauliwa, neno la mapambazuko si neno dogo.

Lamu ina habari yake. Wenyewe husema Amu, na lakabu yake ya kale ni *Kiwa Ndeo*. Kwa lahaja yao *kiwa* ni kisiwa, na *ndeo* ni majivuno. Mgeni angedhani jina hilo ni tusi, maana nani apendaye kuitwa mwenye majivuno? Lakini katika mji wa kale wenye elimu, mashairi na majumba ya mawe, ndeo ilikuwa karibu na heshima: mtu wa Amu alijua yeye ni nani. Jirani alilisema kwa kuonea uchungu, na wenyewe walilichukua wakalivaa kama kilemba. Mombasa nayo yaitwa Mvita na wenyewe, na katika mashairi ya kale hutajwa pia kwa majina ya Gongwa na Kongowea. Majina kama haya si ya utani, wala ramani haiyatumii sana; ni majina ya ndani, na mgeni ayatumiaye vema huonekana amekuja kwa adabu.

Tumalizie fungu hili kwa lakabu iliyosafiri mbali kuliko zote, yaani *Bongo*. Asili yake katika sarufi ni dhahiri: *ubongo*, na wingi wake *bongo*. Huelezwa kwamba mjini Dar es Salaam, hasa katika shida za miaka ya 1980 bidhaa zilipoadimika, mtu hakuweza kuishi kwa mshahara wake peke yake. Ilimlazimu atumie akili. Mji ukaitwa mahali pa bongo, kisha Bongo tu. Baadaye jina likapanuka. Miaka ya 1990 muziki wa vijana ukaitwa Bongo Fleva, na leo kwa watu wa nchi jirani na kwa Watanzania walio Ulaya, Marekani na Arabuni, Bongo ni Tanzania nzima.

Tuangalie mambo mawili hapa. Kwanza, lakabu hii imekomaa hata ikapata viambishi: twasema Mbongo na Wabongo. Hiki ndicho kipimo chema cha kujua kama lakabu imekwisha kuwa jina kamili. Hakuna asemaye "Mdar" wala "Wadar". Husemwa "watu wa Dar". Mkato haujazaa watu, lakabu imezaa. Pili, jina lililozaliwa na dhiki limegeuka kuwa jina la fahari, kwa sababu halikusema kwamba watu ni maskini, bali lilisema kwamba ni werevu. Lakini hata hivyo liko swali. Mkulima wa Ugogo au mvuvi wa Pemba naye ni Mbongo? Wako wakubalio, na wako wasemao kwamba hilo ni jina la mjini lililowafunika wao bila kuulizwa.

IV. Majina yaliyogeuzwa na vinywa

Wako wasomi walioyaita majina ya aina hii "maneno yaliyoharibika". Sisi hatukubali neno hilo. Neno likipokewa na watu likafuata sauti za lugha yao halikuharibika, limepata uraia.

Kariakoo ndilo jina la soko kuu la Dar es Salaam na mtaa uliolizunguka. Asili yake ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, *Carrier Corps*, katika vita vya 1914 mpaka 1918. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wapagazi waliwekwa mahali pale, na wenyeji wakalisikia jina la kikosi wakalitamka kwa masikio yao. Jijini Nairobi nako liko eneo lenye jina la asili ileile, nalo huandikwa Kariokor. Wapagazi hao walichukuliwa kwa maelfu mengi kutoka vijiji vya Afrika ya Mashariki, wabebe vichwani chakula na risasi za majeshi. Na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa njaa, kuhara na homa. Katikati ya Dar es Salaam pana sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, na sanamu ile yaonesha mtu mwenye bunduki. Mtu mwenye mzigo hayupo juu ya jiwe lile. Yeye alibakiwa na jina la mtaa, nalo kwa kinywa kilichomtaja wasomi wakasema limeharibika. Kila siku watu hulisema wakienda kununua mchele na vitambaa, na wachache hujua kwamba wanawataja marehemu. Mwalimu aliye na dakika kumi za kulieleza jina hili amefundisha historia ya vita kuliko atakavyoifundisha kwa orodha ya majemadari.

Mfano wa pili ni Eldoret. Walowezi walipogawana nchi ya Uasin Gishu, mashamba yalihesabiwa kwa namba, na mji ukaota katika shamba namba 64. Mwaka 1912 ukapewa rasmi jina la Eldoret, lakini wenyeji walikuwa wamekwisha kuisikia ile namba kwa Kiingereza, *sixty-four*, wakaitamka Sisibo. Jina hili halina sifa wala ila. Ni hesabu tu, kama alama ya ng'ombe. Ajabu ni kwamba wenyeji walilipenda. Hata leo, baada ya Eldoret kupandishwa kuwa jiji mwaka 2024, Sisibo lasikika. Sababu yake si ngumu. Namba ilikuwa ya mgawaji, lakini *Sisibo* halikuwa la mgawaji tena. Yeye asingelitambua kama angelisikia.

V. Majina tuliyowapa jirani

Mpaka hapa tumesema habari za watu kuziita nyumba zao wenyewe. Sasa yatupasa kutazama jambo ambalo Waswahili hatulitazami mara nyingi, yaani majina ambayo lugha yetu iliwatwika wengine.

Katika Kiswahili nchi huanza kwa *u-*: Ugogo, Uzaramo, Ulaya, Uingereza. Wafanya biashara wa Unguja na wapagazi wa Unyamwezi walipofika kwenye maziwa makuu, walikuta nchi zilizoanza kwa *bu-*, nao wakazisema kwa kanuni ya kwao. Buganda ikawa Uganda, Burundi ikawa Urundi, na mji wa pwani ya Tanganyika ukawa Usumbura. Wazungu waliozipita njia hizo waliongozwa na wasemao Kiswahili, wakaandika waliyoyasikia, na ramani zikakaa hivyo. Waingereza walipotangaza himaya yao mwaka 1894, waliitangaza kwa jina la Uganda.

Mwaka 1962 Burundi ilipopata uhuru, ilirudisha *bu-* yake, na Usumbura ikawa Bujumbura. Silabi moja tu ilibadilika mbele ya neno, lakini ilikuwa kama mtu aondoaye mkono wa mwingine begani pake. Uganda haikufanya hivyo, na matokeo yake ni kwamba leo pana maneno mawili: Buganda, yaani ufalme, na Uganda, yaani nchi nzima. Kwa Kiingereza tofauti yaonekana. Kwa Kiswahili chatuponyoka, maana *Mganda* ni raia wa nchi nzima na pia ni mtu wa Buganda. Mtu wa Ankole au wa Acholi akiitwa Mganda na mwalimu wa Kiswahili, yaweza kuwa sahihi kwa upande wa uraia, na bado akasikia ameambiwa asiye. Twashauri waandishi waeleze: "raia wa Uganda" panapotakiwa nchi, na "mtu wa Buganda" panapotakiwa ufalme. Ni maneno marefu zaidi, lakini hayamkwazi mtu.

Katika Kongo mambo yalikwenda kinyume. Wabelgiji walianzisha mji wa Élisabethville mwaka 1910, wakaupa jina la malkia wao. Mto uliokuwa karibu uliitwa Lubumbashi, na jina la mto ndilo lililopewa mji rasmi mwaka 1966. Sasa wenyeji wenyewe wamelikata wakasema Lushi. Tofauti yaonekana: jina ulilopewa huliweka kando upatapo nafasi, jina lililo lako hulifupisha, kama mama afupishavyo jina la mwanawe.

VI. Mitaa na majina yaumizayo

Lakabu za miji huchekesha kuliko kuumiza. Za mitaa ni kinyume, kwa kuwa hutenga watu wa mji mmoja.

Tangu zama za Wajerumani na Waingereza, miji ya bara iligawanywa, na Kiswahili kikaupa mgawo huo majina kwa kiambishi cha mahali: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mjini Dodoma na Mbeya wako wasemao bado Uzunguni na Uhindini, wala hawawaoni Wazungu pale. Majina hayo mawili yamebaki kama magome ya mti uliokwisha kuanguka. La tatu lingali hai. Uswahilini, ambalo vijana wamelikata kuwa Uswazi, halina maana tena ya mahali pa Waswahili. Maana yake ni mahali pa nyumba zilizobanana, pa vichochoro na kelele. Neno lililokuwa jina la ustaarabu wa pwani limefanywa kuwa jina la ufukara! Wakaao huko husema "sisi wa Uswazi" kwa fahari, na nyimbo za vijana zimelisifu. Lakini karani akimwandika mtu kuwa ametoka Uswazi, huyo hakusifiwa.

Unguja pana Ng'ambo. Jina hili lilikuwa la kweli, maana hori la maji lilitenga Mji Mkongwe na upande wa pili, na ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Hori lilifukiwa, na jina likabaki. Mtu aliweza kuvuka kwa miguu mikavu na bado akawa wa ng'ambo. Yatupasa kukumbuka kwamba walio wengi mjini walikaa upande huo. Waliokuwa wachache ndio waliosimama mahali wakasema "kule".

Tena kuna majina ya vituo vya magari. Hapa lakabu hupata nguvu ya sheria upesi kuliko penginepo, maana utingo hupaza sauti mara mia kwa siku, na lile alitangazalo ndilo litumiwalo. Katika Dar es Salaam kuna mahali paitwapo Tabata Dampo. Hapo palikuwa jaa la takataka la mji. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 1988 kuishtaki halmashauri ya mji kwa moshi na uvundo, na mahakama ikawapa haki; halmashauri ikaomba muda zaidi, na mwaka 1991 Mahakama Kuu ikakataa kuwaongezea. Ni moja ya mashauri yanayokumbukwa na wanasheria wa nchi ile. Takataka zikaenda kwingine, lakini neno Dampo halikwenda. Mahakama yaweza kuondoa jaa. Kuliondoa jina lake haiwezi.

VII. Kanuni ya utani

Sasa twaweza kujibu swali tuliloanza nalo. Mbona neno lilelile mara hupendeza na mara huumiza? Twaona jibu limo katika desturi ambayo wasomaji wetu waijua vizuri, yaani utani.

Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mngoni na Mhehe ni watani. Mtani aweza kukuambia neno ambalo mtu mwingine angelisema ungempeleka barazani. Lakini utani una masharti yake. Kwanza, huenda pande zote mbili: anitaniaye, nami namtania. Pili, una wajibu nyuma yake: mtani acheka msibani, naye ndiye achimbaye kaburi. Tatu, haurithiwi na mpita njia. Asiye mtani akiiga maneno ya mtani, ametukana.

Lakabu za miji hufuata masharti haya matatu. Mtu wa Tanga aweza kumtania mtu wa Morogoro kwa ajili ya bahari, kwa kuwa huyo wa Morogoro atamjibu papo hapo kwa jambo la Tanga. Hakuna aliye juu. Lakini jina la Nairobi lilipochanganywa na neno la Kiingereza la unyang'anyi, likawa *Nairobbery*, lilibebwa na wageni na magazeti ya nje, na mwenyeji hakuwa na la kurudisha. Mwenyeji huyohuyo aweza kulisema jina lile akiwa na jirani yake, wote wawili wakiogopa njia ileile usiku, maana hapo shida ni ya wote. Akilisikia kwa mtu aliyeshuka jana kutoka ndege, hukunja uso. Hakuna kigeugeu katika tendo hili. Yeye ashika desturi ya kale: asiye na wajibu msibani hana ruhusa ya kucheka.

Kwa hiyo tusiulize tu "neno hili lina maana gani?" Tuulize pia: limesemwa na nani, kwa nani, na je, aliyesemwa aweza kujibu?

VIII. Kwa walimu

Tumalize kwa mashauri machache ya kazi.

Mwanafunzi akiandika Moro au Dom katika insha, asipigiwe mstari mwekundu bila maelezo. Aambiwe kwamba kila jina lina mahali pake: Morogoro katika barua na hati, Moro katika maneno ya mhusika anayesema. Akijua kuchagua, amejua lugha.

Katika kuandika daftari la shule, anwani iandikwe kama mwenyeji aandikavyo mwenyewe. Mzazi akisema atoka Ng'ambo, aandikwe wa Ng'ambo. Akitaja mtaa wake kwa jina lake hasa, liandikwe hilo. Karani asimchagulie lakabu.

Tena, watoto wakusanye majina ya mahali walipo: la serikali, la wazee, na la vijana. Kwa kila jina waulize mambo manne. Lilianzaje? Hufuata ngeli gani? Limezaa jina la watu, kama Bongo ilivyozaa Wabongo? Na wenyeji hulisema kwa mgeni, au huficha? Swali la nne ndilo lenye thamani kuliko yote, na wazee hulijibu polepole. Wasiharakishwe. Majibu mengine yatapingana, hasa katika asili ya majina ya kale, na mkusanyaji asichague lile limpendezalo, ayaandike yote. Jina la Bagamoyo, kwa mfano, wengine hulieleza kwa uchungu wa mtumwa aliyebwaga moyo kwa kukata tamaa, na wengine kwa faraja ya mpagazi aliyefika pwani akabwaga moyo na mzigo. Wote wawili walipita njia ileile.

Mwisho, mwalimu aliye mgeni wa mahali asianze yeye kutumia lakabu. Angoje. Siku wenyeji watakapomwambia lakabu ya mji wao kwa kicheko, na kumtazama kama atacheka nao, siku hiyo ataulizwa pia jina la utani la mji alikotoka. Yafaa awe nalo tayari.